Shamba la Mjini Milwaukee: Chama Kilifungwa, Kazi Ikarithiwa

Ndugu wasomaji, kabla sijawachukua safarini, nianze nyumbani.

Kijijini kwetu palikuwa na chama cha bustani. Akina mama 22 na wazee wachache walilima mchicha, vitunguu na kabichi kando ya mto, wakauza gulioni na kugawana faida. Chama kilidumu miaka 9. Kisha mzee mmoja, ambaye alikuwa mwenyekiti, na katibu, na mweka hazina pia, akaugua, akafariki. Tulipomaliza matanga hapakuwa na mtu aliyejua daftari la hesabu liko wapi, wala ni nani anayetudai, wala ufunguo wa stoo umewekwa wapi. Mwaka uliofuata magugu yakafunika matuta. Shangazi yangu, mwanachama tangu siku ya kwanza, aliniambia, "Mwanangu, hatukushindwa na jua wala na wadudu. Tulishindwa kurithishana."

Maneno hayo nilikuwa nayo moyoni nilipokwenda Marekani kumtazama binti yangu anayesoma katika mji wa Chicago. Naye alipoona jinsi ninavyozungumza kila siku habari za bustani iliyokufa, akasema, "Baba, twende Milwaukee. Huko palikuwa na shamba la mjini lililojulikana dunia nzima, nalo lilifungwa. Ukaone lilivyofungwa na mambo yaliyofuata."

Basi tukapanda gari moshi. Milwaukee uko katika jimbo la Wisconsin, kaskazini ya Chicago, mwendo wa maili 90 hivi, na gari moshi huchukua muda wa saa moja na nusu. Miji yote miwili imejengwa ukingoni mwa Ziwa Michigan. Ziwa hilo ni kubwa, karibu kulifikia Ziwa Viktoria letu. Ukisimama ufukoni huoni ng'ambo, na upepo wake ni kama wa bahari. Zamani Milwaukee ulijaa wahamiaji waliotoka Ujerumani na Poland, wakafungua viwanda vya bia na vya vyuma. Baadaye wakaja Wamarekani weusi wengi kutoka majimbo ya kusini kutafuta kazi katika viwanda hivyo. Lakini viwanda vingi vilifungwa, na mitaa mingi ya watu hao ikabaki bila kazi.

Ilikuwa Jumapili, kwa hiyo kwanza tulikwenda Misa katika Basilika ya Mtakatifu Yosafati, upande wa kusini wa mji. Nawaomba msidhani kwamba nimepotea njia. Habari ya kanisa hili ndiyo iliyonifungua macho kuhusu habari ya shamba.

Kanisa hili lilijengwa na Wakatoliki wa Poland mwishoni mwa karne ya 19. Walikuwa watu wa kima cha chini, vibarua wa viwandani. Paroko wao, Padre Wilhelm Grutza, alitaka kujenga kanisa kubwa. Wakati huo huo serikali ilikuwa ikibomoa jengo kubwa la Posta na Forodha mjini Chicago. Padre akalinunua lile bomoko kwa dola 20,000. Mawe, nguzo, na hata milango pamoja na vitasa vyake, vyote vikapakiwa katika mabehewa 500 ya gari moshi na kuletwa Milwaukee. Waumini wakayapokea yale mawe na kusaidia kazi. Mwaka 1901 kanisa likabarikiwa, nalo lina kuba lililokuwa miongoni mwa makubwa kabisa nchini Marekani.

Lakini parokia ilibaki na deni zito sana, na Padre Grutza akafariki mwaka ule ule wa 1901. Ni nani basi aliyelipa? Mwaka 1910 Mapadre Wafransisko waliichukua parokia pamoja na deni lake, na baada ya miaka 15, mwaka 1925, likaisha lote. Mwaka 1929 Papa Pius wa 11 akalipa kanisa hilo cheo cha basilika.

Nilikaa kitini nikitazama nguzo zile. Mawe yaliyokuwa ofisi ya barua na ushuru yamekuwa nyumba ya sala. Nyumba ya kwanza ilibomolewa, lakini mawe hayakutupwa. Na aliyeanzisha kazi siye aliyeimaliza. Nikajisemea moyoni, labda na shamba liko hivyo.

Baada ya chakula cha mchana tukachukua basi kwenda upande wa kaskazini-magharibi, katika njia ndefu iitwayo Silver Spring Drive. Karibu na hapo pana mtaa wa Westlawn, uliojengwa na mji kwa ajili ya watu wenye mapato madogo, nao ulikuwa mkubwa kuliko mingine ya aina hiyo katika jimbo zima. Watu wa mtaa ule kwa miaka mingi walipata shida ambayo sisi wa vijijini hatuijui. Walikuwa na maduka ya soda, chipsi na vyakula vya makopo, lakini mboga mbichi hazikupatikana kwa karibu. Mtu asiye na gari ilimpasa kusafiri ili apate fungu la mboga.

Mwaka 1993 mtu mmoja mrefu sana, karibu mita 2, alipita njia hiyo akaona kibao cha kuuza shamba. Lilikuwa shamba dogo, ekari 2 au 3 tu, lenye nyumba za kioo za kuoteshea maua, na lilikuwa shamba la mwisho lililobaki ndani ya mji. Mtu huyo ni Bwana Will Allen.

Wazazi wake walikuwa wakulima wa South Carolina, waliolima mashamba ya watu wengine na kugawana mavuno na mwenye ardhi. Wakahamia Maryland, na huko ndiko alikozaliwa mwaka 1949. Akiwa kijana alichoshwa na jembe akaapa kwamba hatalishika tena. Akawa mchezaji wa mpira wa kikapu, mtu mweusi wa kwanza kuchezea Chuo Kikuu cha Miami, kisha akaenda kucheza Ulaya, katika nchi ya Ubelgiji. Huko aliwaona wakulima wadogo wakipata mazao mengi katika vipande vidogo vya ardhi, na mapenzi ya udongo yakamrudia. Aliporudi Marekani alifanya kazi katika makampuni makubwa, lakini moyo ulikuwa shambani. Akalinunua shamba la Silver Spring apate mahali pa kuuzia mboga zake.

Haukupita muda mrefu vijana wa mtaani wakaja kumwomba awafundishe kulima. Akawafundisha. Kutokana na kazi hiyo ikazaliwa jumuiya isiyotafuta faida, iliyoitwa Growing Power, yaani Nguvu ya Kukuza.

Ngoja niwaeleze kazi yenyewe, maana ni kazi ambayo mkulima wa kwetu ataielewa mara moja. Udongo wa miji ya zamani mara nyingi umeharibiwa na risasi ya rangi za nyumba na takataka za viwanda, kwa hiyo haufai kulimwa hivi hivi. Bwana Allen alitengeneza udongo mpya juu ya ule wa zamani. Alikusanya mboga zilizooza sokoni, vipande vya miti, na machicha ya viwanda vya bia, akavirundika mpaka vikawa mboji. Kisha akaingiza nyungunyungu kwa maelfu, wakaila ile mboji na kutoa mbolea nyeusi nzuri. Kwa njia hiyo watu waliweza kulima hata juu ya lami. Mjini Chicago bustani moja ilitandazwa juu ya sakafu ya uwanja wa mpira wa kikapu, na mboga zikaota.

Jambo la pili ni samaki. Ndani ya nyumba za kioo palichimbwa mahandaki ya maji, wakafugwa samaki wa jamii ya perege, ambao asili yao ni Afrika na nchi za Mashariki ya Kati. Maji yenye mavi ya samaki yalivutwa kwa pampu hadi kwenye vitalu vya juu. Mimea ikajilisha humo, maji yakachujika, yakarudi chini kwa samaki yakiwa safi. Maji yale yale yalizunguka, yakitoa kitoweo na mboga pamoja.

Jambo la tatu ni joto. Wakati wa baridi huko maji huganda yakawa kama jiwe, na theluji hufunika kila kitu kwa majuma mengi. Mboji inapooza hutoa joto, kama mnavyojua ninyi mliowahi kutia mkono katika jalala la samadi. Walirundika mboji kando ya kuta za nyumba za plastiki, na joto lake likasaidia mboga kuishi wakati wa theluji.

Habari zikaenea. Watu walikuja mwisho wa juma kutoka majimbo mbalimbali, wakavaa mabuti, wakashika koleo na kujifunza kwa mikono. Mwaka 2008 Bwana Allen alipewa na taasisi ya MacArthur tuzo la dola 500,000. Mwaka 2010 gazeti la Time lilimweka katika orodha ya watu 100 mashuhuri wa dunia, na mwaka huo huo alisimama Ikulu ya Marekani pamoja na Bibi Michelle Obama, alipoanzisha kampeni ya afya ya watoto. Jumuiya ikakua, ikawa na wafanyakazi zaidi ya 100 na mashamba katika miji ya Milwaukee na Chicago. Mwaka 2012 ikapata msaada wa dola milioni 5 kutoka taasisi ya Kellogg. Ikatangazwa kwamba pale Silver Spring patajengwa shamba la ghorofa 5, mboga zikipandwa orofa juu ya orofa.

Ghorofa hilo halikujengwa. Mti ulikuwa umetanua matawi kuliko mizizi. Kwa miaka kadhaa matumizi yalizidi mapato. Mboga hazikuweza peke yake kulipa mishahara yote, misaada ya wafadhili haikuja sawasawa kila mwaka, na watu wote, wafadhili na wageni, walimtazama mtu mmoja. Wadai wakaenda mahakamani wakapata hukumu. Mwezi wa Novemba mwaka 2017 halmashauri ya Growing Power ilikata shauri kuivunja jumuiya, na Bwana Allen, akiwa na miaka 68, akajiuzulu.

Nilisimama kando ya njia ile nikitazama magari yakipita. Nikawafikiria watu wa siku ile. Mfanyakazi anayeambiwa kwamba kazi imekwisha. Mkulima mdogo aliyezoea kuuza mazao yake kupitia jumuiya. Mama wa Westlawn aliyejua kwamba mboga ziko hapo tu karibu. Ndugu zangu, msimwamini mtu anayewaambia kwamba kufunga kazi njema ni jambo dogo. Ni msiba, na wafiwa wake ni maskini kwanza.

Nikamwuliza binti yangu, "Sasa yamekwenda wapi yote haya?" Akanijibu, "Turudi Chicago nikuonyeshe."

Jibu lilikuwa kule kule nilikotoka. Bwana Allen ana binti aitwaye Erika Allen. Bibi huyu alisomea sanaa, lakini mwaka 2002 alianza kuongoza kazi ya Growing Power mjini Chicago. Kwa miaka 15 alilima huko na kufundisha vijana, akijuana na wakubwa wa mji na wenyeji wa mitaa. Chama cha baba kilipokuwa kikielekea kufungwa, yeye na mwenzake Bibi Laurell Sims hawakungoja magugu yaote. Mwaka ule ule wa 2017 waliunda jumuiya mpya, Urban Growers Collective, yaani Umoja wa Wakuzaji wa Mjini, ikayapokea mashamba ya Chicago. Yalikuwa mashamba 8, jumla yake ekari 11, mengi yakiwa upande wa kusini wa mji, wanakoishi Wamarekani weusi wengi.

Tulikwenda kuona moja ya mashamba hayo, liitwalo South Chicago. Lina ekari 7, karibu na ziwa, katika upande ambao zamani ulikuwa wa viwanda vya chuma. Tuliona matuta marefu yaliyonyooka, na katika tuta moja nilikuta mboga ambayo sikuhitaji kuulizia jina lake, maana majani yake ni yale yale ya sukumawiki. Wamarekani weusi huipenda sana na kuipika na nyama. Nilijiona niko nyumbani.

Hapo binti yangu alinieleza jambo ambalo nataka mlishike. Ardhi ya shamba hilo ni ya mji, ni sehemu ya bustani za umma. Haikuwa mali ya Growing Power, kwa hiyo haikuweza kuuzwa ili kulipa madeni yake. Jina lilifutwa, lakini udongo uliojazwa kwa koleo miaka mingi ulibaki pale pale, ukingoja mkono mwingine.

Kisha kuna habari ya mabasi. Mwaka 2011 watu wa chama kimoja cha Chicago walichukua basi kuukuu la abiria, wakang'oa viti, wakaweka rafu za mboga na matunda. Basi likapita mitaani likiuza, nao wakaliita Fresh Moves. Mwaka 2013 chama hicho kiliishiwa fedha, kazi ikasimama. Mwaka 2015 Growing Power ikaifufua. Mwaka 2017 Growing Power nayo ikafungwa, na kazi ya mabasi ikachukuliwa na Urban Growers Collective. Basi hilo limefiwa na wazazi mara 2, na mara 2 limepata mlezi.

Wala si Chicago peke yake. Katika mji wa Cleveland, jimbo la Ohio, marafiki kadhaa waliokwenda Milwaukee kujifunza kwa Bwana Allen walirudi kwao wakaanzisha shamba katika mtaa uliokuwa umeachwa ukawa jalala. Wakaliita Rid-All. Wao pia wakatengeneza mboji, wakafuga samaki, na kufundisha wengine. Growing Power ilipovunjwa, hakuna mtu wa mahakama aliyeweza kwenda Cleveland na kudai arudishiwe yale waliyojifunza.

Ndugu wasomaji, nilipanda ndege kurudi nikiwa na hesabu yangu kichwani. Nilijiuliza ni kitu gani kilichokufa mwaka 2017, na ni kitu gani kilichosalimika.

Kilichokufa ni kile kilichoegemea juu ya mtu mmoja, na kile kilichosimama juu ya fedha ambazo bado hazijaja. Kiko kilichosalimika. Kwanza, maarifa yaliyokuwa katika mikono ya watu wengi. Pili, ardhi ambayo haki yake haikuchanganywa na madeni ya chama. Tatu, kazi iliyokwisha kupewa mrithi kabla ya mauti, si baada ya matanga. Bibi Erika hakukabidhiwa jembe siku ya mazishi. Alikuwa amelishika miaka 15.

Tuseme na ukweli mwingine. Kurithi kazi si kurithi sifa tu. Wafransisko wa Milwaukee walirithi kuba zuri, lakini walirithi na deni, wakalilipa miaka 15. Kila arithiye kazi njema huanza kwa kufagia. Naye anayekabidhi ana wajibu wa kusema kweli juu ya hesabu, asije akamwachia mwenzake shimo lililofunikwa kwa majani.

Katika vijiji vyetu tuna vyama vingi. Kuna vyama vya nyuki, vya kuku, vya kuweka na kukopa, na bustani za parokia. Vingine vitaishi kuliko sisi, na vingine vitafungwa. Kufungwa kwa chama si aibu, maana kila kitu cha binadamu kina mwisho. Lililo aibu ni kufungwa bila kukabidhiana. Daftari la hesabu lijulikane na watu watatu. Ufunguo uwe na mwenzake. Hati ya shamba isomwe mbele ya wanachama wote. Kila fundi awe na mwanafunzi, hata kama yeye mwenyewe bado ana nguvu. Na siku ikionekana kwamba chama hakiwezi kuendelea, wanachama wakutane mapema, walipe wanachoweza, kisha waulizane: mbegu apewe nani, majembe apewe nani, na watoto watafundishwa na nani?

Niliporudi kijijini nilikwenda kumwamkia shangazi. Nikamsimulia yote, kuanzia mawe ya posta mpaka basi la mboga. Alisikiliza huku akichambua maharage. Mwishowe akauliza, "Basi hao wa Milwaukee, wamekufa au hawakufa?"

Nikamjibu, "Shangazi, chama kimekufa. Kazi ipo."

Akanyamaza kidogo. Kisha akainuka, akaingia jikoni, akatoka na kibuyu kidogo kilichokuwa kikining'inia juu ya moshi. Ndani yake mlikuwa na mbegu za mchicha za ile bustani yetu. Miaka yote hiyo alikuwa akipanda kidogo nyuma ya nyumba, na kila msimu anatunza mbegu mpya, bila kumwambia mtu.

"Mimi ni mzee," akasema. "Nenda kawaite wale wasichana wawili wa jirani. Waje kesho asubuhi na majembe yao, nami nitawaonyesha."